Tafuta kivuli kwanza: kupiga picha za watu nje ya studio hapa Nairobi

Mteja akikuambia mkutane Arboretum, ile bustani ya miti, saa sita mchana juu ndio ako na nafasi, mwambie hapana. Mwambie kwa upole lakini mwambie. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana linakaa utosini mwaka mzima, si kama kwa zile video za YouTube za watu wa Ulaya ambako wakati wa baridi jua linalala chini siku nzima na kila saa ni saa nzuri. Huku ikigonga saa nne asubuhi tayari linapiga kutoka juu, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, chini ya pua kunatokea kivuli kama masharubu hata kwa msichana, na hiyo kitu haitoki kwa kuediti, nimejaribu hadi usiku wa manane.

Mimi nilifunzwa na gauni la graduesheni. Familia ilikuwa imekodi matatu kutoka ushago, watu kama kumi na wanne, sherehe imeisha mchana, kila mtu ana njaa, nami nikawapanga katikati ya uwanja juu jengo la nyuma lilikuwa jeupe linapendeza. Gauni jeusi, watu weusi, ukuta mweupe, jua kali. Kamera ikaona ule weupe wote ikadhani mwanga umezidi ikapunguza, sura zikazama. Mama mzazi akaomba aone, nikampa kamera, akainama akaiziba jua na leso yake, akaangalia weee, kisha akaniuliza, "Sasa kijana wangu, huyu ni mimi ama ni kivuli changu?" Nilikosa jibu. Soja aliyekuwa anatuangalia ndiye aliniokoa, akasema tu, "Si muende pale kwa veranda, hapo ndio wenzako hupigia." Tukaenda, hatua kama ishirini hivi, na picha zilizotundikwa kwa ile familia mpaka leo ni za veranda.

Kwa hivyo ukienda kukagua mahali (na uende siku moja kabla, saa ileile utakayopigia, usiende na Google Maps peke yake) usianze kutafuta mandhari. Tafuta kivuli kinachoangalia mahali peupe palipo wazi. Veranda, mlango wa geti kubwa, upande wa jengo ambao jua limeupa mgongo, chini ya daraja la Expressway hata. Mteja anasimama ndani ya kivuli hatua moja au mbili tu kutoka ukingoni, uso wake unaangalia nje kwenye mwanga, wewe unasimama huko nje. Akiingia ndani sana giza linamla, akitoka sana jua linamkata paji la uso. Njia rahisi ya kujua ni kunyoosha mkono wako ukunje ngumi kisha uzunguke polepole pale pale unapotaka mtu asimame, uangalie mwanga unavyotembea juu ya vifundo vya vidole. Pale ambapo kivuli kati ya vidole kinakuwa laini, hakina mstari, simama, ndipo hapo uso wa mteja utaangalia. Watu watakuona kama umechanganyikiwa, ni sawa.

Miti nayo ina ujanja wake. Arboretum ilianzishwa 1907 kwa hivyo kuna miti mikubwa kweli yenye kivuli kizito, lakini kuna mingine majani yake yameachana na jua linapenya vipande vipande, mteja anatoka na madoadoa usoni kama chui. Huwezi kuyaona vizuri kwa macho ukiwa hapo umechangamka, angalia kwa skrini ukiwa umevuta karibu. Jakaranda za Oktoba ni hivyo hivyo, zambarau inavutia kila mtu lakini mti wenyewe hauna kivuli cha maana, mti uweke mbali nyuma ya mteja, usimweke mtu chini yake mchana.

Halafu angalia chini. Mwanga hugonga ardhi ukarudi usoni, na unarudi na rangi ya ulichokanyaga. Ndani ya msitu wa Karura majani yako juu na nyasi chini, ngozi inatoka na ukijani fulani kama mtu ambaye hajalala vizuri. Kwenye murram unapata wekundu ambao kwa ngozi yetu kusema ukweli ni mzuri, mimi huupenda. Lami ya kijivu iliyochapwa na jua au paving ya simiti ndio riflekta ya bure kuliko zote. Ukiwa ndani ya msitu basi beba kitu cheupe, kipande cha stairofomu kinatosha, mtu akishike chini ya kifua cha mteja kidogo pembeni. Ile karatasi ya fedha ya kuzuia jua kwa dashibodi wanayouza kwa jam pia inafanya kazi lakini ni kali, mteja atakunja macho, isogeze mbali.

Saa sasa. Jua letu linachomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama karibu na hiyo hiyo jioni, mwaka mzima inapishana nusu saa tu hivi, kwa hivyo huna haja ya apu. Shida ni kwamba linapanda na kushuka wima, ule mwanga wa dhahabu ni mfupi, chini ya saa moja, na likishazama una kama dakika ishirini kabla giza halijaingia kabisa. Ukiambia mteja saa kumi na moja jioni yeye atafika na nusu juu ya jam, umebaki na nini? Mwambie saa kumi. Hizo dakika za kwanza mfanye kwa kivuli, akizoea kamera, mwanga mzuri unamkuta tayari. Na ukipata mawingu ya Julai usilie, mji mzima umefunikwa shuka jeupe, unaweza kupiga hata saa saba, ila watu wanatetemeka, mwambie abebe koti la kuvaa kati ya picha na picha.

Kwa kamera sitasema mengi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ndio ya kwanza kununua (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa na nyuma kunakuwa ukungu), na kwenye kamera zenye sensa ndogo inakaribia kuwa kama 80mm hivi, inafaa uso kabisa. Ile 18-55 uliyopewa na kamera ivute hadi 55 na urudi nyuma, ukimsogelea mtu na 18 pua inafika kabla yake. Mtu mmoja f/2 au f/2.8, fokasi kwa jicho lililo karibu nawe. Familia ya mistari miwili enda f/5.6 la sivyo shosho nyuma atakuwa ukungu. Shata, ile kasi ya kupiga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, watoto 1/500, na kama ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inapanda wacha ipande, picha yenye chembechembe watu wanaitundika, iliyotikisika hawaitundiki.

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ngozi nyeusi ikijaza fremu pamoja na nguo nyeusi, kamera inaongeza mwanga mpaka mtu anakuwa kama amepakwa jivu, hapo punguza kidogo. Kukiwa na anga jeupe nyuma inafanya kinyume, hapo ongeza. Usiangalie picha nzima, angalia paji la uso na mashavu, kile king'ao kiwepo lakini kisigeuke doa jeupe. Piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijaliminya, unapata nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye. Wapenzi wawili mmoja mweupe mmoja mweusi, yule mweusi ndiye anakaa upande wa mwanga. Na usimfute mtu mafuta yote usoni, ngozi yetu inapendeza ikiwa na mng'ao, futa tu jasho la pua na paji na tishu.

Kuhusu ruhusa, kuwa mpole na kuwa na risiti. Karura, Arboretum, makumbusho ya reli, uliza getini kama wana ada ya picha za kikazi, lipa, weka risiti mfukoni. Tao kanjo (askari wa kaunti) akikusimamisha usianze kubishana sheria na kamera ikiwa mkononi. Usielekeze lenzi kwa polisi, jeshi, Ikulu au mlango wa benki, hata kama mwanga umekaa vipi. Kamera inakaa ndani ya bagi lisilo na jina la kampuni, bagi linakaa mbele kifuani, na ukiwa umeziba jicho moja kupiga lazima kuwe na mtu mwingine anaangalia vitu, huyo huyo wa stairofomu. Ukitaka kuposti picha ya mteja kutangaza kazi yako muombe akuandikie WhatsApp kwamba amekubali, kuna sheria ya data ya 2019 na biashara zimeshatozwa faini kwa kuposti watu bila ruhusa.

Malipo, nusu kwa M-Pesa kabla ya siku, na mkubaliane mapema mvua ikinyesha mnahamia siku gani, hasa Aprili na Novemba.

Mteja akishasimama mbele yako atauliza, "Mikono niweke wapi?" Kila mtu huuliza. Ukimjibu "popote" atasimama kama ako paredi. Mpe kazi. Mwambie arekebishe saa, akunje mkono wa shati, mama afunge kola ya mtoto, halafu piga pale anapomaliza, ile sekunde mikono inashuka na anainua macho kukuuliza kama ni sawa. Usimwambie atabasamu. Mwambie atembee kuja kwako kama mtu ameona mathree ya kwao inang'oka steji, atacheka mwenyewe.

Bagi liwe na betri ya pili na memori kadi ya pili, hiyo unajua. Ongeza pegi nne za nguo. Blazer ya mitumba ikiwa kubwa unaibana mgongoni, mbele inakaa kama imeshonewa yeye, ila mkumbushe azitoe kabla hajapanda matatu, juu mimi nimewahi kurudisha mtu nyumbani hivyo.