Kupima joto la hewa ya Nairobi kwa ndege ndogo

Picha za setilaiti za joto la mji hukuonyesha mabati na lami. Hewa iliyo juu ya Eastleigh haimo humo, na bila hewa hiyo hatuwezi kujua mji umejibadilishia hali ya hewa kiasi gani. Tunaifuata kwa ndege kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson.

Hatua ya 1. Funga kipimajoto na kipima unyevu chini ya bawa, mbali na upepo wa rafadha na moshi wa injini. Afunge fundi mwenye leseni, kwa idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Hatua ya 2. Vifaa vyote vifuate saa ya GPS. Ndege ikienda mita 50 kwa sekunde, kifaa kilichochelewa sekunde 10 kinakupotosha nusu kilomita: ubaridi wa mbuga unaandikwa viwandani.

Hatua ya 3. Chora mstari mmoja: Mbuga ya Nairobi, Industrial Area, Eastleigh, Karura. Uruke kwenda na kurudi, jua linapochomoza na tena alasiri. Uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) uko jirani, kwa hiyo zungumza na waongoza ndege mapema. Juu ya mji usishuke chini ya futi 1,000 kutoka kilele cha jengo refu lililo karibu.

Hatua ya 4. Dagoretti Corner ndiko Idara ya Hali ya Hewa hurushia puto zake zenye vipimo. Ukiruhusiwa, panda hapo ukizunguka kama parafujo, kisha ushuke vivyo hivyo. Grafu za unyevu za kupanda na kushuka zikiachana, kihisi chako huchelewa kuitikia. Halafu linganisha na vipimo vya puto.

Hatua ya 5. Hapa usiharakishe. Hewa inayogonga kipimajoto hubanwa ikapata joto. Chukua kasi halisi ya ndege hewani kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 2,010. Kwa mita 50 unapata nyuzi 1.24, na tofauti tunayoitafuta kati ya mbuga na mji huenda isifike nyuzi 2! Kihisi hupokea sehemu tu ya joto hilo. Ili kuijua sehemu hiyo na kuiondoa kwenye vipimo, ruka kimo kilekile polepole, kisha kwa kasi. Tena usitumie kasi inayosomwa kwenye kipimakasi cha rubani moja kwa moja: kwenye kimo cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kasi halisi huizidi kwa takriban asilimia 10.

Hatua ya 6. Rudia mstari uleule kabla ya masika, baada yake, na wakati wa vuli, mwaka baada ya mwaka. Tunza faili ghafi, pamoja na tarehe ya kila kihisi kilichobadilishwa.