Kupeleka Trekta la Zamani Kwenye Maonyesho ya Nane Nane Njiro: Mwongozo kwa Vikundi Vidogo

Trekta lililolala miaka ishirini kwenye kona ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, chini ya mringaringa, likiwa limefunikwa na majani makavu ya migomba, linaweza kusimama tena mbele ya watu katika viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, injini ikinguruma taratibu na wazee waliowahi kuliendesha wakiligusa boneti kwa viganja. Kikundi chetu cha wamiliki na mafundi wachache kutoka Moshi na Arusha kimeifanya kazi hiyo mara kadhaa, na mwongozo huu unawahusu wale wanaotaka kuifanya kwa mara ya kwanza.

Maonyesho ya kilimo ya Nane Nane hufanyika kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, lakini kazi ya kuandaa mashine moja huchukua miezi mitatu au minne, kwa hiyo anzeni mvua za masika zinapoingia. Mambo ya ofisini yamalizeni mapema: muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kuhusu kukisajili kikundi, kisha pitieni halmashauri ili mpate eneo uwanjani. Ombeni eneo la pembezoni, lenye udongo mgumu na lisilo na nyasi kavu, hata kama liko mbali na lango kuu, kwa kuwa mashine inayounguruma hujiita watu yenyewe.

Kulijua trekta kabla ya kuligusa

Siku ya kwanza msiende na spana. Nendeni na daftari, na mwende watu wawili tu, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wamewafanya wenye mashine kuwa na wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao. Mazungumzo mengi huanza hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kununua chuma?"

"Hapana mzee. Tumekuja kulijua trekta lako, na utusimulie lilivyofanya kazi."

Kuanzia hapo kaeni, kunyweni mnachokaribishwa, mkaandike. Nani alilinunua, lililima mashamba gani, lilibeba nini wakati wa mavuno, nani alikuwa dereva, na liliacha kuwaka mwaka gani na kwa sababu gani. Jibu la swali la mwisho lina thamani kubwa kwa fundi, kwa kuwa trekta lililoegeshwa kwa kukosa tairi ni tofauti kabisa na lile lililoegeshwa baada ya injini kukwama.

Kisha litafuteni bamba la namba. Trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na ambalo yalitoka zaidi ya 500,000 ya aina yake, hutambulika kwa herufi zinazotangulia namba: TEA hutumia petroli, TED hutumia mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa, na TEF ni la dizeli. Massey Ferguson 35 na ndugu yake 135, lililoanza kutoka 1964, huvaa boneti jekundu juu ya mwili wa kijivu. Fordson Major ni la buluu na ringi zake ni za rangi ya chungwa. Msiyaache nyuma Valmet yaliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Ufini. Watu huyaona kuwa bado ni mapya mno kwa maonyesho, lakini ni matrekta yaliyopita katika mikono ya wafanyakazi wa nchi hii tangu kiwandani, na yanakatwa kwa kasi.

Jambo moja la kuchunga ni hadithi ya Kongwa. Kwa kuwa mradi wa karanga wa Waingereza uliofanyika huko, mkoani Dodoma, kuanzia 1947 hadi 1951 uliacha mashine nyingi, karibu kila chuma kuukuu hudaiwa kimetoka huko. Kama mmiliki ana hati au kumbukumbu inayoeleweka, andikeni. Kama hana, andikeni tu kwamba lilifika katika familia hiyo mwaka fulani. Mgeni anayejua historia akiligundua dai moja la uongo, hataamini bamba lolote kwenye banda lenu.

Rangi

Hapa ndipo vikundi vingi huharibu kazi, na sisi tuliharibu pia. Mwaka wetu wa kwanza tulipata mashine ya kupukuchulia mahindi, ile ya kuzungushwa kwa mkono, tukaipiga msasa na kuipaka rangi nyekundu ya dukani hadi ikang'aa. Siku ya tatu ya maonyesho alikuja mzee aliyekuwa ameitumia ujana wake wote. Aliizunguka mara mbili, akapitisha vidole ubavuni, akauliza ilipokwenda mistari. Kumbe walikuwa wakihesabu magunia kwa kuchora mistari kwa msumari kwenye bati, msimu baada ya msimu, na sisi tuliifuta yote kwa msasa tukidhani ni mikwaruzo. Jambo hilo bado linaniuma, na tangu siku hiyo kikundi chetu hakipaki mashine yoyote rangi ya kuipamba.

Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na grisi iliyoganda iondoeni kwa mafuta ya taa na brashi laini, mkiepuka brashi ya waya mahali penye rangi ya asili. Kutu iliyotulia isugueni kwa kitambaa chenye oili kidogo. Kutu inayoendelea kula chuma cha kubebea uzito, kama ekseli ya mbele au ndoano ya trela, ni suala la usalama, na hapo ruhusuni kukwangua, kuchomelea na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mbonyeo kwenye madigadi uacheni, na kiraka alichochomelea fundi wa kijiji kwa kipande cha springi ya lori kiacheni pia, kwa sababu kinaeleza jinsi mashine ilivyotunzwa wakati ambapo vipuri havikupatikana.

Kuiamsha injini

Msipige stata siku ya kwanza, hata kama mmiliki anaapa kwamba lilikuwa zima. Mwageni oili yote na muitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kazi ni kubwa zaidi. Toeni injekta au plagi, wekeni vijiko viwili vya oili safi katika kila silinda, acheni siku mbili, kisha zungusheni injini kwa mkono taratibu. Ikikataa, ongezeni oili na subira, si nguvu. Safisheni tangi la mafuta hadi chini, kwa kuwa matope ya dizeli ya miaka mingi huziba filta ndani ya dakika kumi, na angalieni rejeta kwa viota vya nyigu na panya.

Kwa injini za dizeli, hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta ndiyo adui anayewachosha vijana. Legezeni nati za kutolea hewa kwenye filta, pampuni kwa mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu, kazeni, hamieni kwenye pampu ya dizeli, na mwisho legezeni mirija ya injekta huku mwenzenu akizungusha injini. Mkiruka hatua moja, mtairudia yote.

Zingatieni pia kwamba Agosti ni baridi. Asubuhi za Njiro zina ubaridi unaoweza kuiaibisha injini iliyowaka vizuri mchana kule Moshi chini. Massey Ferguson 35 za mwanzo za dizeli, zenye injini ya Standard ya silinda nne, zinajulikana kwa kukataa kuwaka kwenye baridi, wakati zilizofuata zenye Perkins ya silinda tatu huwaka kwa urahisi zaidi. Msitumie dawa za kupulizia kwenye njia ya hewa, kwa sababu zinaweza kuvunja pistoni za injini kuukuu. Wekeni betri yenye nguvu, jazeni rejeta maji ya moto, na liwasheni saa moja na nusu asubuhi kabla ya watu kufika.

Kwa TED, washeni kwa petroli, subirini injini ipate moto wa kutosha, ndipo mhamie kwenye mafuta ya taa, na kabla ya kuzima rudini kwenye petroli ili kabureta ibaki na mafuta yatakayoiwasha tena. Mafuta ya taa yasiyoungua huteremka kwenye oili, kwa hiyo ipimeni kila asubuhi, na ikiwa imeongezeka au inanuka taa, ibadilisheni.

Anayepiga handeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake, ashike kwa kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, wala asikizungushie, na avute kwenda juu badala ya kusukuma kwenda chini. Injini ikirudisha kwa nguvu kinyumenyume, handeli itatoka mkononi bila kuvunja mkono. Mfundisheni kila mwanachama jambo hili kabla ya kumruhusu kuigusa.

Barabarani

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na trekta kuukuu halipaswi kuziendesha kwa tairi zake. Kodini lori lenye jukwaa la chini na winchi. Kama hakuna winchi na mteremko wa mbao ni mkali, pandisheni trekta kwa gia ya kurudi nyuma, kwa kuwa likipanda kwa mbele uzito wote huelemea ekseli ya nyuma na pua inaweza kuinuka na kumbinukia dereva. Fungeni minyororo minne kwenye ekseli na mwili, kamwe si kwenye vyuma vya usukani, wekeni gia, breki na magogo kwenye tairi, kisha simameni mkaikague minyororo baada ya kilomita chache za kwanza, kwani hulegea.

Uwanjani

Zungusheni kamba mita tatu kutoka kwenye kila kitu kinachozunguka, na mita hizo ziongezeni maradufu upande wa mkanda unaoendesha mashine. Mavazi yetu yanadai uangalifu wa pekee: shuka la Kimaasai, khanga na kitenge vina ncha zinazopepea, na shafti ya nyuma ya trekta ikishika ncha moja, mtu hawezi kujivuta. Shafti isiyo na kifuniko isizunguke mbele ya watu hata kwa sekunde moja. Wekeni mitungi miwili ya kuzimia moto na ndoo za mchanga, na mafuta ya akiba yakae mbali na banda.

Maonyesho mazuri kuliko yote tuliyowahi kufanya yalikuwa ya injini ya Lister iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, ile yenye magurudumu mawili makubwa na mzunguko wa 650 tu kwa dakika, ikipozwa kwa pipa la maji na kuendesha mashine ya kusaga. Watu walileta debe la mahindi, wakaondoka na unga. Mlio ule wa polepole uliwafanya akina mama waanze kusimulia jinsi walivyotumwa mashineni wakiwa watoto, na hapo kazi yenu ni kunyamaza na kuandika.

Kwa Ferguson, onyesheni mfumo wa kuinua plau. Elezeni kwamba plau likikutana na udongo mgumu, msukumo hupita kwenye mkono wa juu na kuiamuru haidroli iliinue kidogo, na ndiyo maana trekta jepesi kama lile liliweza kulima bila kusota. Fanyeni hivyo mara chache kwa siku, na kila mara mkizima injini, shusheni plau hadi chini, kwa sababu chuma kinachoning'inia huvuta watoto.

Bamba la maelezo liwe na mistari isiyozidi kumi, kwa Kiswahili chenye herufi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya kamba: jina la mashine, mwaka, familia iliyoitumia kama imeridhia kutajwa, kazi iliyofanya, na kilichorekebishwa. Pembeni ya bamba wekeni kiti, na mwombeni dereva wake wa zamani aketi hapo angalau siku mbili. Mlipieni nauli na chakula, na asisimame juani. Maelezo ya fundi kijana ni mazuri, lakini mtu aliyelima usiku kwa taa moja ili awahi mvua huulizwa maswali ambayo hakuna bamba linaloweza kuyajibu. Wahandisi wa CAMARTEC, taasisi iliyoanzishwa 1981 kuendeleza zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na ambayo ipo hapa hapa Arusha, nao waalikeni wapite, hasa kama mna maplau ya kukokotwa na ng'ombe.

Baada ya tarehe 8

Msiondoke kwa haraka usiku. Acheni injini ipoe, mwageni maji yaliyo ndani ya rejeta, toeni betri, pakeni grisi mahali pote palipokaushwa na vumbi, na mfunike bomba la moshi kwa kopo. Likirudi kwa mwenyewe, liegesheni juu ya mbao chini ya paa, hata la makuti au mabati machakavu, kisha mmoja wenu apangiwe kwenda kulizungusha kwa mkono kila mwisho wa mwezi. Nakala ya yote mliyoandika kwenye daftari mpeni mmiliki, iliyochapwa vizuri na kusomwa mbele yake, ili arekebishe majina ya mashamba na miaka kabla hamjaiweka kwenye kumbukumbu za kikundi.