Ofisi ya serikali imekufutia leseni bila kukusikiliza? Fanya hivi kabla miezi 6 haijaisha

Mjomba wangu alikuwa na bucha. Siku moja kaletewa barua ya mistari miwili na muhuri juu, leseni imefutwa, basi. Sababu hamna, na hakuna aliyemwita kumuuliza chochote. Akaanza kuandika barua za malalamiko, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila akienda pale anaambiwa mzee njoo wiki ijayo bosi yuko safari, miezi nane ikakatika hivyo hivyo, na alipokuja kumpata wakili swali la kwanza lilikuwa barua uliipokea tarehe ngapi.

Kwa hapa Tanzania, kuomba mapitio ya mahakama una miezi 6 tu tangu uamuzi utoke, na barua za kubembeleza hazisimamishi hiyo saa. Unaweza kuomba kuongezewa muda ila utatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na "niliambiwa nisubiri" haikufikishi mbali. Kwa hiyo ukipokea barua andika tarehe juu ya bahasha siku hiyohiyo, bahasha usiitupe, na piga picha vyote.

Sasa mapitio yenyewe ni nini. Sio rufaa. Jaji wa Mahakama Kuu haulizi kama bucha yako ilikuwa safi au chafu, anaangalia huyo ofisa alivyofikia uamuzi: sheria ilimpa hayo mamlaka kweli? Alikusikiliza? Alitoa sababu? Au kaamua kitu ambacho mtu mwenye akili timamu asingekiamua? Kusikilizwa sio fadhila, kupo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a). Na hapa ndo umuhimu wake kwangu mimi, maana ofisa yeyote, awe mtendaji wa kata au waziri, madaraka kaazimwa na sheria, sasa kama hakuna pa kwenda kumuuliza umeyatoa wapi hayo, muhuri peke yake unatosha kufunga riziki ya mtu.

Kabla hujakimbilia mahakamani angalia kama sheria imekuwekea njia ya rufaa, mfano mtumishi wa umma akifukuzwa anaanzia Tume ya Utumishi wa Umma halafu kwa Rais. Ukiiruka bila sababu nzito jaji anaweza kukurudisha. Ila rufaa ya kisheria ni kitu kingine na barua ya malalamiko ni kitu kingine, mjomba alivichanganya hivyo viwili.

Halafu unaomba kwanza kibali cha kufungua maombi ya mapitio. Unapeleka maombi ya kibali, maelezo yanayosema wewe nani, unataka nini na kwa hoja zipi, pamoja na hati ya kiapo ya mambo yalivyotokea, na ile barua unaiambatanisha. Jaji hapa anapima tu kama kuna kesi ya kujadili, kama una maslahi kwenye jambo lenyewe na kama uko ndani ya muda. Omba palepale aelekeze uamuzi usitekelezwe kwanza, kama ni nyumba inataka kubomolewa usisahau hili hata kidogo, kwa sababu ukishinda nyumba ikiwa kifusi umeshinda nini.

Amri unazoweza kuomba ni ya kufuta uamuzi (mawakili wanaiita sashiorari), ya kumlazimisha ofisa atimize wajibu wake (mandamusi), na ya kumzuia asifanye anachotaka kufanya. Ujue tu kwamba jaji hakupi leseni, anafuta uamuzi mbovu na ofisi inaweza kuambiwa ianze upya, safari hii ikusikilize. Wengi wanakata tamaa hapo, mimi naona ni kitu kikubwa, unaingia tena kwenye chumba kilekile ukiwa na haki ya kuongea.

Tafuta wakili kama unaweza, na kama hela hamna ulizia vituo vya msaada wa kisheria mapema. Kibali kikitoka usikae kusherehekea, maombi yenyewe ya mapitio yanatakiwa yafunguliwe ndani ya siku 14.