Paka mwenye mzio wa chakula na matatizo ya mkojo: anza kwa kuondoa dagaa

Kama paka ni dume, anaingia na kutoka kwenye beseni la mchanga, anajikamua na hakitoki kitu au ni matone tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama ni usiku. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba. Ukiziba, potasiamu inapanda kwenye damu hadi moyo unasimama, na siku mbili tatu zinatosha kummaliza. Usimminye tumbo, kibofu kilichojaa hupasuka. Panadol usimpe kabisa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Yanayofuata ni kwa paka ambaye mkojo unapita.

Paka anayelamba tumbo la chini hadi manyoya yakaisha huwachanganya wengi. Huenda ni muwasho wa mzio, huenda ni kibofu kinachouma. Tazama kichwa, shingo na masikio: vidonda na vigaga huko vinaelekeza kwenye mzio. Ila maliza viroboto kwanza, maana nao huleta picha hiyohiyo.

Nyumba nyingi za Arusha na Moshi humlisha paka ugali na dagaa. Samaki, ng'ombe na kuku ndio wanaoongoza kwa kuleta mzio kwa paka. Tena dagaa huliwa na mifupa yake, yenye fosforasi na magnesiamu nyingi, ambazo ndizo malighafi ya struvaiti, aina ya mawe yanayojitengeneza kwenye mkojo. Kwa hiyo dagaa waondoke, liwe tatizo lipi.

Usikimbilie kununua mfuko wa chakula cha "mkojo" kabla ya kupima mkojo. Chakula hicho huongeza asidi ya mkojo ili kuyeyusha struvaiti, lakini mawe ya aina nyingine, ya kalsiamu oksaleti, hayayeyuki, na asidi huyapendelea. Pia vingi vyake vina kuku au samaki ndani, hata pale picha ya mbele inapoonyesha sungura. Ili kupata mkojo, weka changarawe safi kavu kwenye beseni badala ya mchanga, vuta kwa bomba la sindano, ufike kwa daktari ndani ya saa moja. Ukikaa sana au ukipoa, chembechembe hujitengeneza zenyewe na majibu yanapotosha.

Jaribio la chakula, la kujua kama ni chakula kinacholeta mzio, huchukua wiki 8. Chagua nyama moja ambayo paka hajawahi kula. Sungura au mbuzi hupatikana. Chemsha bila chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu (vitunguu huharibu damu ya paka). Paka wa kilo 4 anahitaji takribani gramu 120 hadi 150 za nyama iliyoiva kwa siku, kwa milo mitatu. Badilisha polepole ndani ya siku 7, na akigoma kula siku nzima mpigie daktari, hasa kama ni mnene, kwa sababu ini lake hujaa mafuta haraka. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, hivyo mwombe daktari akupangie madini na taurini (kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa). Usisage maganda ya mayai kwa kukisia.

Maji ndiyo dawa kubwa ya kibofu: mililita 50 kwa kila kilo, yaani 200 kwa siku kwa paka wa kilo 4, yakiwemo yaliyomo kwenye chakula. Nyama itampa kama 80 au 90. Zilizobaki mmiminie kama supu ya nyama ileile, vuguvugu. Juni na Julai, baridi ikikaza, paka wengi hawagusi maji ya bakuli.

Mfungie ndani. Panya mmoja, au kipande cha samaki kutoka kwa jirani, kinarudisha hesabu mwanzo. Waambie watoto na dada wa kazi.

Muwasho ukiisha, rudisha chakula kimoja cha zamani. Akijikuna tena ndani ya siku 14, umempata mchawi. Ila kwa paka aliyekutwa na struvaiti, jaribu ng'ombe au kuku, usijaribu dagaa.