RAM mbili za GB 8, si moja ya GB 16

Kama unaunga kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo na unaanza bila kadi ya grafiki, mfano kwa prosesa ya Ryzen 5 5600G, usichukue RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja ya GB 16. Chukua mbili za GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, zinazofanana. Prosesa hii haina kumbukumbu yake ya picha, inaazima RAM ya kompyuta, na zikiwa mbili data inapita njia mbili kwa wakati mmoja. Gemu iliyokuwa inakatakata inatulia, na bei haipishani sana.

Kwenye ubao mama wa sloti nne za RAM, ziweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikikaa jirani, mara nyingi faida yote inapotea. Halafu ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP inayoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo mara nyingi zitakimbia chini ya kasi uliyolipia.

Ukiwa na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake, tofauti hupungua sana. Na kwenye ubao wa sloti mbili, siku ukitaka GB 32 itabidi utoe zote. Hata hivyo mimi ningechukua mbili, kwa sababu gemu unacheza leo.