Kuchagua na kuseti turbo Mbeya: anza hesabu na hewa ya mlimani

Wengi huja gereji kwangu wakiwa wameshabeba turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) ndani ya kiroba. Imetolewa kwenye Forester iliyopinduka, au kwenye Canter, au imenunuliwa Dar kwa mtu aliyeapa kwamba "hii inapiga". Wanataka nifunge tu. Huwa nawaambia waiache humo humo kwenye kiroba, tuchukue daftari na kalamu kwanza. Nusu yao wanaishia kuiuza.

Nitatumia gari moja la mfano mpaka mwisho: Mark II Grande, GX110, injini ya 1G-FE ya VVT-i. Silinda sita, cc 1988, kiwandani inatajwa kuwa na nguvu za farasi 160. Mwenye gari anataka 200, kwa pistoni zile zile. Injini yako ikiwa nyingine, badilisha namba. Njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua hewa unayovuta

Mbeya mjini tuko kama mita 1700 juu ya bahari. Dar presha ya hewa ni kilopaskali 101, hapa kwetu ni kama 82. Maana yake hata kabla hujafunga chochote, injini yako imeshapoteza karibu moja ya tano ya hewa. Ile Grande ya farasi 160 hapa Mwanjelwa inatoa kama 130.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Geji ya busti (presha inayoongezwa na turbo) unayobandika kwenye dashibodi huanza sifuri popote ulipo. Inapima kilichozidi hewa ya nje. Ikisoma 0.6 hapa Mbeya, yaani baa 0.6 au kilopaskali 60, ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) kuna 82 na 60, jumla 142. Ikisoma 0.6 hiyo hiyo Dar, ndani kuna 161. Injini haijali geji inasema nini, inajali ile jumla. Kwa hiyo kuanzia sasa tunaongea presha kamili tu, yaani hiyo jumla kwa kilopaskali, na geji ya dashibodi iache iwe pambo.

Hatua ya 2: Pima injini kabla ya kuibebesha mzigo

Pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho, betri nzima. Ukiwa na kitabu cha gari, kumbuka namba zake ni za usawa wa bahari. Kitabu kikisema 180 psi, huku juu 145 ni injini nzima kabisa. Nimeona injini nzuri zikishushwa na kufunguliwa bure kwa sababu fundi alisoma 145 akatikisa kichwa. Kitu cha kuogopa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, usifunge turbo. Tafuta kwanza inakovujia.

Angalia pia kizibo cha rejeta. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kizibo kizima ndicho kinachokupa nafasi, na magari mengi ya mjini hapa yana kizibo kilichokufa siku nyingi, au mwenye gari amefunga mfuko wa nailoni chini yake. Turbo itaongeza joto. Badilisha.

Hatua ya 3: Hesabu hewa unayohitaji

Petroli ina kanuni ya mkono ambayo haijaniangusha: ratili moja ya hewa kwa dakika hutoa kama farasi 10. Ratili ni ile lb utakayoikuta kwenye karatasi za turbo. Farasi 200 ni ratili 20.

Je, presha gani itapitisha ratili 20 kwenye injini hii? Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6000, lita 1.988 mara 3000 ni karibu lita 5960 kwa dakika. Haijazi silinda kikamilifu, weka asilimia 95, unabaki na mita za ujazo 5.7 hivi. Hewa yenye presha kamili ya 145 na joto la nyuzi 45 baada ya intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) ina uzito wa kilo 1.59 kwa mita ya ujazo. Zidisha: kilo 9 kwa dakika, ambazo ni ratili 20.

Basi lengo letu ni 145 ndani ya manifodi. Andika namba hiyo ukutani. Kwa pistoni za kiwandani zenye mgandamizo wa 10 kwa 1, mimi sivuki hapo kwa petroli ya kituoni.

Hatua ya 4: Chagua turbo kwa hewa ya huku

Kila turbo ya maana ina ramani ya kompresa, ule upande wake unaosukuma hewa. Mstari wa wima ni uwiano wa presha, yaani inayotoka gawanya kwa inayoingia. Wa ulalo ni hewa kwa dakika.

Inayotoka: 145, ongeza 5 inayopotea kwenye intakula na mabomba, ni 150. Inayoingia: 82, toa 2 ya filta, ni 80. Uwiano ni 1.9 kasoro kidogo. Gari lile lile Dar, kwa farasi zile zile, linahitaji 150 gawanya kwa 99, yaani 1.5. Umeona? Hapa turbo inafanya kazi ngumu zaidi kukupa kitu kile kile. Inazunguka kwa kasi zaidi na inapasha hewa zaidi. Nilipiga hesabu ya joto kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: Mbeya ikivuta hewa ya nyuzi 20 inaitema ikiwa na nyuzi 100 hivi, Dar ikivuta ya nyuzi 30 inaitema ikiwa na 85. Kwa hiyo anayekwambia baridi ya Mbeya inatosha, intakula ya nini, mwitikie kwa heshima, kisha funga intakula.

Kuna mtego wa pili ambao hata mimi nilichelewa kuujua. Namba za hewa kwenye ramani si za hewa ya kwako. Ramani za Garrett, kwa mfano, zimesawazishwa kwa hewa yenye presha ya kama kilopaskali 96. Sisi tunaingiza 80. Kwa hiyo ratili 20 unazizidisha kwa 96, unagawanya kwa 80, unapata 24. Baridi inapunguza kidogo sana, kama nusu ratili. Weka nukta kwenye 24 na 1.9. Aliyeweka nukta yake kwenye 20 na 1.5 amechagua turbo ya Dar.

Nukta ikiangukia kulia kabisa ya ramani, turbo ni ndogo, itazunguka kupita kiasi na kupika hewa. Ikiangukia kushoto ya mstari wa kwanza kabisa wa ramani, ni kubwa mno, hewa itarudi nyuma na utaisikia inakoroma. Unataka katikati, kwenye visiwa vya ufanisi. Ile ndogo ya Forester, TD04, naipenda kwa injini hii mtu akiishi pwani. Huku juu inafika ukingoni mapema. GT2560R ya Garrett inakaa vizuri. Ile 16G ya Lancer Evolution za mwanzo nayo inafaa, ila itachelewa kidogo kuamka, na kwa mtu wa foleni za Mafiati hilo ni kero.

Ya Canter? Hapana. Moshi wa dizeli hauna joto la moshi wa petroli, ambao mzigo ukiwa mkubwa unafika nyuzi 900. Nyingi za dizeli hazina hata njia ya maji ya kupozea beringi. Itafanya kazi miezi miwili, halafu utaona moshi wa bluu.

Hatua ya 5: Springi ya westigeti ichague kwa Dar

Westigeti ni mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili busti isizidi, na springi yake ndiyo inayoamua ufunguke lini. Turbo unaichagua kwa Mbeya, springi kwa Dar es Salaam. Nilijifunza kwa hasara, na kosa lilikuwa langu.

Miaka kadhaa nyuma nilifunga gari la kijana mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya, nikaweka ile valvu ya mkono ya kurekebisha busti, nikaseti 0.65. Hapa lilikuwa 147 ndani, tamu, halina tatizo. Jumamosi akateremka Kyela kwenye harusi. Kyela iko mita 500 hivi, presha ya nje ni 95. Valvu ya mkono haijui habari hizo, ikaendelea na 0.65 yake. Ndani ikawa 160, kwenye joto la Kyela. Na jedwali langu la moto wa plagi (linaloamua plagi iwake lini kwa kila presha) lilikuwa limeishia 150, kwa hiyo kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikabaki na nyuzi za mstari wa mwisho; hizi ni nyuzi za mzunguko wa injini, si za joto. Alinipigia simu: "Fundi, inalia kama mahindi kwenye debe." Huko ndiko kugonga: mafuta yanalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu. Nikamwambia azime. Alikuwa ameshachelewa, pistoni mbili zilikuwa zimevunjika kingo za ringi. Nilinunua injini nyingine kwa fedha yangu.

Kwa hiyo: springi peke yake, bila msaada wowote, isivuke lengo lako ukiwa usawa wa bahari. Lengo 145, toa 101, ni 44. Chukua springi ya 0.4. Dar itakupa 141, salama hata solenoidi (valvu ya umeme inayoongeza busti) ikifa. Huku Mbeya springi hiyo itakupa 122 tu, kwa hiyo solenoidi ya busti ndiyo inayojazia hadi 145, ikiongozwa na kontroli boksi inayosoma presha kamili. Na weka ukomo: ikivuka 155, ikate mafuta.

Hatua ya 6: Oili

Turbo nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa" ziliuawa na bomba la kurudisha oili. Bomba hilo liwe pana, milimita 19 ndani au zaidi, literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), juu ya usawa wa oili, bila kona inayopanda. Oili hairudi kwa presha, inarudi kwa uzito wake. Turbo ya beringi za gololi kama GT2560R inahitaji kizuizi cha tundu la milimita 1 kwenye bomba la kuingiza. Usipoweka, itavuja oili kwenye sili nawe utalaumu turbo. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoa umeme wa nozeli na koili, piga starta mpaka taa ya oili izime.

Hatua ya 7: Mafuta na plagi

Farasi 200 za turbo zinakunywa kama ratili 120 za petroli kwa saa. Gawanya kwa nozeli sita, acha akiba ya asilimia 20, unapata kama cc 260 kwa dakika kila nozeli. Mimi nafunga za cc 370 hivi ili nisirudi tena. Pampu ipimwe ikiwa na mzigo. Kuisikia inanguruma kwenye tangi hakukwambii chochote. Plagi panda ngazi moja ya baridi (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi) na bana mwanya hadi milimita 0.7 au 0.8.

Hatua ya 8: Kuseti

Unahitaji kontroli boksi ya kuprogramu, sensa ya presha ya manifodi inayosoma hadi 250 au 300, na sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi. Bila hiyo ya mwisho unakisia.

Jedwali lako lifike 180 hata kama lengo ni 145. Mistari ya juu ijaze mafuta mengi na moto wa kuchelewa. Hutaitumia, ila siku kitu kikikwama itakuokolea pistoni. Moto wa plagi uanzie hivi: kuanzia 100 kwenda juu, rudisha nyuma nyuzi moja kwa kila kilopaskali 7. Kwenye 145 unakuwa umerudisha nyuzi 6 hivi. Mafuta yakiwa na mzigo kamili yasome kati ya 11.5 na 12, yaani uzito wa hewa kwa moja ya petroli. Ukitembea taratibu, 14.7 inatosha.

Anza na springi tupu, solenoidi imechomolewa. Mwingine aendeshe, wewe tazama kompyuta, masikio kwenye sikizi ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku. Mimi hutumia mpando wa Uyole kwenda Isyonje asubuhi na mapema, gia ya tatu, kwa sababu mlima unaibana injini bila kukimbia sana. Vuta mara moja, simama, soma rekodi, rekebisha, rudia. Mafuta yakiwa sawa kote ndipo uchomeke solenoidi, upande kilopaskali 5 kwa 5. Ukisikia kugonga hata mara moja, rudisha nyuzi mbili na usibishane.

Hatua ya 9: Teremka

Gari lililosetiwa Mbeya tu halijamaliza. Kwanza nenda Chimala na kurudi, utazame kama 145 inabaki 145 hewa ya nje ikiongezeka. Ikipanda, solenoidi yako inafuata geji badala ya presha kamili, tafuta kosa kwenye programu. Kisha Kyela, mchana, jua likiwaka. Mwenye gari akiwa mtu wa kwenda Dar, namwambia aniletee rekodi ya Kitonga wakati wa kurudi: kupanda kutoka Ruaha Mbuyuni nyuma ya malori, joto limejaa chini ya boneti, mwendo ni wa kutambaa. Hapo joto la hewa kwenye manifodi likivuka nyuzi 60, intakula haitoshi. Akirudi, klempu zote zikazwe upya na oili imwagwe, hata kama ina kilomita 1500 tu.