Trela ndogo ya safari ni chombo: kuinunua, kuitunza na kusafiri nayo

Mimi mtu wa Tanga, naishi Minnesota, na huu ni mwaka wa saba navuta trela ndogo ya kulala, ya futi 16, mimi na mama watoto na wanetu wawili. Kila tukikutana na watu wa nyumbani kwenye harusi au msiba maswali ni yaleyale, inavutwa na gari gani, choo kikoje, baridi mnafanyaje, basi nimeona niandike yote hapa. Ukisahau mengine yote shika hili moja: trela sio gari na wala sio nyumba, ni chombo. Mtu wa pwani atanielewa haraka. Chombo unakipakia kwa mizani, na unakikalafati, yaani unaziba maungio, kabla hakijavuja, manake ukishaanza kufua maji ujue ulichelewa zamani.

Tuanze na kununua. Wengi wakienda kuangalia trela ya mkononi wanaangalia godoro, jiko, redio. Mimi naanza na pua. Fungua mlango ukiwa umefungwa muda mrefu, ukisikia harufu ya ukungu rudi nyumbani. Harufu ikiwa nzuri pita na vidole, bonyeza kila kona, chini ya madirisha, ndani ya makabati, kuzunguka lile tundu la hewa la kwenye paa, afu kanyaga sakafu kwa kisigino hasa karibu na mlango na chini ya kitanda. Mbao ikibonyea imeoza. Trela yangu ya kwanza nililipa keshi, aliyeniuzia alikuwa ametandika kapeti mpya kabisa, nilipoiinua wiki ya pili chini mbao imekuwa laini kama mkate uliolowa chai, kiangazi kizima kikaishia kung'oa sakafu badala ya kusafiri. Inauma mpaka leo kwa sababu watoto walikuwa wameshapanga mabegi.

Ndo maana ya pili nikatafuta ya faibaglasi. Hizi mwili wake ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeunganishwa katikati kama yai, kwa hiyo paa halina maungio mengi ya kuvuja. Zinazosakwa sana ni Scamp zinazotengenezwa Backus hukuhuku Minnesota na Casita za Rice, Texas, na hata ikiwa ya zamani bei yake haishuki kirahisi. Ila usijidanganye, hata yai likitobolewa linavuja, na hizi zina matundu ya madirisha, ya taa, ya riveti.

Sasa uzito, na hapa naomba usome polepole kwa sababu hapa ndo watu wanakufa. Muuzaji atakwambia uzito wa trela tupu. Huo achana nao. Wewe soma kibati kilichobandikwa kwenye trela, utaona uzito wa juu kabisa ikiwa imejaa, hesabu zako zote fanya na huo. Halafu fungua mlango wa dereva wa gari lako, kuna stika imeandikwa watu na mizigo wasizidi paundi kadhaa. Wengi wanajua tu gari linaweza kuvuta paundi 5,000 na wanaishia hapo, kumbe trela haivutwi tu, inalikalia gari pia. Asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela inatakiwa ishuke kwenye tobaa, kile chuma cha kuvutia cha nyuma ya gari, yaani trela ya paundi 3,000 inaweka 300 mpaka 450 nyuma ya gari, na hizo zinatoka kwenye ile hesabu ya stika. Chukua stika inasema 1,100. Familia ya watu wanne paundi 560, trela inakalia 400, umebaki na 140 za mizigo yote ya ndani ya gari. Ukiweka jenereta na boksi la barafu umemaliza. Ukitaka uhakika pita kwenye mizani ya malori, ile ya vituo vikubwa vya mafuta kwenye barabara kuu, wanapima na magari madogo pia kwa dola chache.

Na mzigo unakaa wapi? Manahodha wana omo na tezi, sisi tuseme mbele na nyuma. Vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini sakafuni, kamwe visirundikwe nyuma. Mwaka wa kwanza nilifunga baiskeli nne nyuma kabisa na tangi la maji nalo liko nyuma limejaa, galoni moja ya maji ni zaidi ya paundi 8, nikawa nateremka barabara kuu ya I-35 kuingia mji wa Duluth, ule mlima unaokuonyesha Ziwa Superior lote mbele yako, lori likanipita na trela ikaanza kuyumba kushoto kulia kama mkia, na kila nikisahihisha usukani inazidi. Kilichotuokoa ni kwamba mzee mmoja wa hapa alinifundisha mapema: usikanyage breki ya gari, usipigane na usukani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na kwa mkono wako sukuma ile swichi ya kontrola ya breki, kidude cha karibu na dereva kinachoendesha breki za trela, ili breki za trela peke yake zishike. Trela ikanyooka. Tulipofika chini mama watoto alikuwa analia kimya kimya, na mimi mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo baiskeli zinakaa juu ya gari. Kama trela yako ina breki za umeme na gari lako halina kontrola, weka kontrola kabla ya safari ya kwanza, sio baada.

Kuunganisha kuna utaratibu wake na usiufupishe hata mvua inyeshe. Hakikisha kile kichwa cha mviringo cha tobaa ni saizi ile ile iliyoandikwa kwenye shingo ya trela, nyingi ndogo ni inchi 2 lakini zipo za 1⅞, na kichwa kidogo kwenye shingo kubwa kitachomoka tu. Ukishafunga komeo na pini, zungusha jeki uinue kidogo: nyuma ya gari ikipanda pamoja na trela imeshika, trela ikipanda peke yake haijashika. Minyororo ipite chini kwa kukatizana kama herufi X ili shingo ikidondoka iangukie humo. Ile waya nyembamba ya breki ya dharura ifunge kwenye gari lenyewe, usiifunge kwenye mnyororo. Mwisho mtu asimame nyuma akwambie taa moja moja. Kurudi nyuma kunawatisha watu bure, shika usukani kwa upande wa chini badala ya juu, unapopeleka mkono ndiko nyuma ya trela inakoenda, na uende polepole ya kweli.

Tairi za trela ni aina yake, zimeandikwa ST, na nyingi zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa hata kama barabara inaruhusu 75. Angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, ikiwa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikifika miaka mitano sita mimi natoa hata kama kashata bado nzuri, zinaoza na jua zikiwa zimesimama. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Ukifungua gurudumu lolote, kaza nati tena baada ya maili 50. Beringi nazo, fungua na kupaka grisi mpya kila mwaka, na kila unaposimama kuweka mafuta sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, vuguvugu ni sawa, kama huwezi kukiweka mkono usiendelee.

Ukifika kambini, weka vizuizi kwenye magurudumu kabla hujafungua chochote. Kabla. Umeme wa kambini wa ampia 30 ni volti 120, kwa hiyo una wati 3,600, kiyoyozi na birika la umeme na maikrowevu pamoja havipiti. Na ukitaka fundi akuwekee soketi ya trela nyumbani mwambie waziwazi ni volti 120, manake plagi ya pini tatu ya ampia 30 inafanana na ya mashine ya kukaushia nguo na mafundi wengi wanaweka 240, siku ukichomeka kila kitu ndani kimeungua. Maji ya kunywa yana mpira wake mweupe na kipunguza presha, mpira wa choo usikae hata karibu nao. Choo chenyewe hakina shida mkikielewa: vali ya tangi la kinyesi ikae imefungwa mpaka tangi limejaa robo tatu hivi, weka maji mengi na dawa yake, ukifika pa kumwaga anza na la choo, maliza na la maji ya sinki lisafishe mpira. Ukiacha vali wazi maji yanaondoka na yaliyobaki yanakauka humo kama saruji.

Gesi funga ukiwa barabarani, na kuna barabara za kupita chini ya ardhi ambazo huruhusiwi kupita na mtungi wa kawaida, zile za Baltimore kwa mfano, zunguka. King'ora cha hewa ya sumu isiyoonekana, kaboni monoksidi, kiwe kizima na hakijapita tarehe. Na ndugu zangu nawaomba sana, jiko la mkaa lisiingie ndani ya trela, hata limebaki majivu, hata nje kuna barafu. Choma nyama nje, jiko lilale nje. Kuni nunua hukohuko kambini, usibebe za nyumbani, kuna mdudu anamaliza miti na anasafiri ndani ya kuni.

Kukalafati: mwezi wa nne na wa tisa napanda ngazi na tochi, naangalia kila ungio. Juu ya paa natumia ile dawa laini inayojisambaza yenyewe, madirisha nayatoa nje na kuweka utepe wa butili, ule wa mpira unaonata, chini yake. Silikoni ya bafuni usiguse, ikishakauka hakuna kitakachoshika juu yake, utakuja kuikwangua kwa wembe siku nzima. Kupima, mtu mmoja akae ndani na tochi, wa nje amwage maji kwa mpira akianzia chini akipanda taratibu, presha ndogo, ukianzia juu hutajua yanaingilia wapi.

Baridi ya huku inapasua mabomba usiku mmoja. Kabla ya barafu ya kwanza mwaga matangi, acha hita ya maji ipoe na utoe presha ndio ufungue kizibo chake, geuza vali maji yazunguke yasipite kwenye hita, halafu pampu ivute antifrizi ya pinki, dawa ya maji isiyoganda, mpaka itoke kwenye kila bomba, bafu na choo, na kikombe kimoja kwenye kila bomba la kutolea maji. Ya kijani ya gari ni sumu, isiingie humo. Betri lete ndani ya nyumba. Toa kila chembe ya chakula na ziba matundu kwa sufi ya chuma, panya wanapenda sana waya. Turubai la bluu usifunike, linafuga unyevu na kukwaruza.

Mwezi wa nne suuza pinki yote, weka robo kikombe cha bleach kwa kila galoni 15 za maji, acha saa kadhaa, suuza tena mpaka harufu iishe. Na safari ya kwanza ya mwaka nenda mwendo wa saa moja tu, lala usiku mmoja, kilichoharibika na baridi kitajionyesha ukiwa bado karibu na spana zako.